Nguchiro, Somo wa Makame

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kibakuli cha mtoto!

Na ndani yake?

Maji ya uji!

Basi hapo kale, kando ya mashamba ya mihogo, aliishi Mashavu na mwanawe wa pekee, Makame. Mtoto wa kuombwa kwa Mungu, miaka na miaka. Na ada ya kijiji kile, mtoto anapoanza kula, somo wake, ndiye mlezi wake wa pili, huonja kwanza kujua kama chakula kimepoa. Kwa kidole kimoja. Kimoja tu, nasema!

Mashavu hakuwa na ndugu wa kumfanya somo. Akaja Nguchiro, kajitanda kanga. "Hodi, mwanangu! Somo wa mtoto nimefika."

Makame kutimiza miezi sita, Mashavu akaponda yai. Nguchiro akaonja kwa kidole, akaonja kwa kiganja, akaonja kwa ulimi.

"Somo, umemaliza!"

"Ala! Mwanao ana meno? Mimi namlia, nguvu zinamwendea yeye. Wewe mpe maji ya uji."

Haya. Mize, binti wa jirani Bi Kidawa, rika moja na Makame, akakaa kitako. Makame kuketishwa, puu! Kaanguka.

Mashavu akaponda samaki. "Mimi namlia," akasema Nguchiro. Mize akatambaa, akafukuza kuku. Makame kalala chali, anatazama makuti.

Mashavu akaponda maharage ya nazi. "Mimi namlia." Mize akasimama, akatembea, akaingia mwenyewe mlangoni kwa Mashavu.

"Shoga," akasema Bi Kidawa, "somo wako anang'aa, mtoto shingo kama kikonyo. Huoni?"

"Wivu huo! Mwache somo wa watu."

Mnamsikia, jamani? Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja Makame hakulia. Hata kulia kunataka nguvu. Mashavu akambeba mgongoni, mwepesi kama kanga iliyombeba, mbio mpaka kichuguuni kwa Nguchiro amwombee dua. Akakuta watoto wa Nguchiro, vibogoyo watupu, wanaruka na kubingirishana juu ya maganda ya mayai.

"Somo! Na hawa hawana meno. Nani anawalia?"

Nguchiro akacheka mpaka kanga ikamvuka. "Awalie nani, mwanangu? Wangu nawapondea."

Mashavu akarudi akilia, "Ya Rabi, ulinipa, nami nikamgawia mwingine. Nisamehe." Akaponda yai, akamlisha kwa mkono wake. Makame akala. Akataka tena.

Akaishi, alhamdulillahi. Lakini alisimama mwaka ambao wenzake walikwenda chuoni kusoma Kurani. Wao wakakimbia na Mize mbele, yeye akabaki barazani kashika ukuta.

"Mama, nitawafikia lini?"

Mashavu aliinama juu ya kinu, akaponda, machozi yakidondoka.

Ngano nimeifunika kawa. Utamu wake ni wenu, uchungu wake ni wa Mashavu. Nami nawaombeni jambo moja: mkifika nyumbani, mpondeeni mtoto, mkae naye hapo hapo mpaka ameze.