Pimbi Aliyekaukiwa na Sauti

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na vyungu vya kupikia, Pimbi aliishi pangoni na watoto wake wachanga.

Desturi ya huko ilikuwa ngumu. Kila masika yakikaribia, mwenye pango husimama mbele ya Mzee Simba na kutangaza kwa sauti kwamba pango ni lake. Akinyamaza, hupewa mwingine anayelitaka.

Mwaka ule Fisi alilitaka la Pimbi. Na Pimbi, maskini, alikuwa ameshinda kutwa akimpigia Chui kelele asiwale watoto wake. Chui alikwenda zake, na sauti nayo ikaenda. Akifungua kinywa, hhh! Upepo mtupu. Akasukutua maji ya chumvi, akatafuna tangawizi, wapi!

“Hapa sitoki,” akajiambia moyoni.

Siku ya baraza alipita nyuma ya Simba, akakikumba chungu cha uji. Kwaa! Vipande. Simba hakutikisa hata sikio. Pimbi akaangusha na sufuria, safari hii makusudi. Simba akaendelea kuchana sharubu zake.

Kumbe mzee hasikii, na anaona haya kusema! Ndiyo maana siku hizi huitikia kila jambo kwa kichwa.

Zamu yake ilipofika, Pimbi alipanda juu ya jiwe, akatanua kifua, akapanua kinywa, akarusha mikono huku na huku. Sauti haikutoka hata chembe. Alipomaliza akainama kwa heshima.

Simba akaitikia kwa kichwa. “Vizuri. Pango ni lako.”

Fisi aliruka, akamwendea Simba mpaka sikioni, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: “Mzee, huyu hajasema kitu! Wewe umesikia nini?”

Hilo Simba alilisikia. Akatazama huku, akatazama kule. Baraza zima lilikuwa likimkodolea macho. Akikiri, nani atamheshimu tena?

“Nimesikia kila neno,” akanguruma. “Kama wewe hukusikia, masikio yako yameziba. Nenda ukayaoshe!”

Wengine nao, kwa kuogopa kuambiwa viziwi, wakasema wamesikia vizuri sana. Fisi akaenda mtoni kuosha masikio mazima, na Pimbi akarudi kunyonyesha wanawe pangoni mwake.

Basi wanangu, sikio likiziba semeni mapema, maana anayeficha uziwi wake hukubali hata asichoambiwa.