Mkunga Kresensia na Binti wa Jumbe

Waliotutangulia katika imani wametusimulia kwamba hapo zamani, misheni ilipokuwa bado changa katika nyanda za Ufipa, aliishi mkunga mjane aitwaye Kresensia. Mwenyezi Mungu alimjalia mikono myepesi, na nusu ya watoto wa kijiji ilizaliwa mikononi mwake. Lakini kabla ya ubatizo, mikono hiyo hiyo ilikuwa ikichimba pia mzizi wa kutoa mimba. Alipobatizwa aliuacha, akamwahidi Mungu kwamba hatauchimba tena maishani.

Asubuhi moja ya msimu wa palizi, Jumbe Kalinde, mkuu wa kijiji, alimfuata shambani. Alikuja peke yake, akachuchumaa kati ya matuta kama mtu asiye na cheo.

"Mama, binti yangu Yustina ana mimba ya miezi minne," alisema. "Aliyemharibu amekimbia, na watu waliomposa wanakuja baada ya mavuno. Nisaidie."

"Nitamsaidia kujifungua, Jumbe."

"Unajua ninachokuomba. Marehemu dada yangu ulimpa. Kwa nini umnyime binti yangu?"

Kresensia aliweka jembe chini. Lilimjia wazo la kuchemsha majani yasiyo na madhara, kisha aseme dawa imegoma. Mtoto angesalimika, naye angebaki na amani na mkuu wake. Lakini aliona haya kumtetea kiumbe wa Mungu kwa uongo.

"Mzizi naujua, na bado unaota kule mtoni," alisema. "Sitauchimba. Dada yako alikunywa, nanyi mkanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiketi naye. Hadi siku anafariki, alikuwa akinisihi nimwambie mtoto yule angefanana na nani. Dhambi ile ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake."

Jumbe alisimama. "Basi hutapokea mtoto mwingine katika kijiji changu."

Amri ikatekelezwa. Wajawazito wakaanza kuupita mlango wake wakienda kwa mkunga wa kijiji cha pili, wengine huku uchungu umekwisha kuwashika. Kresensia alihudhuria Misa kila asubuhi, akaomba subira. Hakumnung'unikia Padre, ila alipokuwa peke yake alilia, maana kazi ile aliipenda kuliko chakula.

Ulipopita mwezi mmoja, Yustina mwenyewe alifika kwake na kifurushi cha nguo.

"Baba anatafuta mtu mwingine mwenye kuujua mzizi," alisema.

"Na wewe, mwanangu, unataka nini?"

Binti alikiweka kifurushi chini. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ninaogopa, Mama. Ninaogopa kuzaa, na macho ya watu ninayaogopa zaidi. Lakini jana nilikuwa nateka maji, mtoto akacheza tumboni. Nikajikuta nacheka peke yangu."

"Basi tutaogopa wote wawili. Ingia ndani."

Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani bega kwa bega. Minong'ono ilikuwepo. Kresensia akamketisha Yustina benchi la mbele, akamfungulia kitabu cha nyimbo. Wale waliomposa walipopata habari, walirudisha neno kwamba hawaji tena. Jumbe hakutia mguu pale kwa mkunga, wala hakulitamka tena jina la bintiye.

Uchungu ulimshika Yustina mchana wa mvua kubwa, na mtoto alitanguliza miguu. Habari zilipomfikia Jumbe, alikuja akasimama nje, mvua ikimnyeshea. Kutoka ndani alisikia sauti ya Kresensia ikisali Salamu Maria na kumwelekeza mzazi, sala na maelekezo vikipokezana, hata jioni ikakaribia. Kisha mtoto akalia.

Kresensia akatoka, kanga yake imelowa jasho. "Jumbe, ulinikataza kupokea mtoto katika kijiji chako. Nimekuasi. Nihukumu upendavyo."

Mzee akausogelea mlango. "Yustina yu hai?" aliuliza.

"Yu hai. Amechoka, lakini yu hai."

"Naomba kumwona, kama atanikubali."

Kresensia akaingia kuuliza, akarudi, akamshikia mlango. Jumbe Kalinde akapiga magoti kando ya mkeka wa bintiye na nguo zake zikichuruzika maji. Yustina akajivuta pembeni kidogo, akampa nafasi aketi.

Ndugu wapendwa, mama huyu hakuona inatosha kukataa dawa. Aliikubali njaa ya kuikosa kazi yake, kisha akampokea binti aliyekosa pa kwenda. Sisi tunaosema kwamba uhai ni mtakatifu tangu tumboni, tumwombe Mungu atujalie pia nafasi nyumbani mwetu kwa mama anayeubeba.