Jezi Moja ya Lusajo

Sogeeni karibu. Nina kesi ya kuwapa, na mimi mwenyewe imenishinda.

Watu watatu walimfanya Lusajo wa Tukuyu kuwa beki. Dada yake Tumpe, mchuma chai, alikuwa na subira isiyochoka. Kocha Haule alikuwa na jicho la kuona kipaji pale wengine walipoona hasara. Na nahodha Mbaruku alikuwa na moyo, moyo ambao hadi leo nikiufikiria natikisa kichwa.

Lusajo akiwa na miaka kumi na miwili aligongana na mwenzake wakigombea mpira wa juu, akapoteza meno mawili. Tangu hapo, mpira ukimjia kichwani anafumba macho. Tumpe alikuwa golikipa wa timu ya kata, na mazoezi yao yalikuwa jioni. Akayaacha. Kila jioni alitoka shambani, vidole vimechubuka, akasimama kumrushia mdogo wake mpira.

"Umefumba. Tena!"

Miezi minane. Siku Lusajo alipoupiga macho yakiwa wazi, timu ya Tumpe ilishapata golikipa mwingine.

Akiwa na miaka kumi na minane alisajiliwa na klabu ya Kocha Haule kama mshambuliaji. Mechi kumi na moja, hakufunga hata bao moja. Viongozi wakataka aondoke. Haule akamwita pembeni.

"Mazoezini huwa unajuaje mwenzako atakimbilia wapi?"

"Naona tu, mwalimu. Kabla hajaenda."

"Basi kuanzia kesho wewe ni beki."

Viongozi wakacheka. Haule akawaambia, "Akishindwa, nifukuzeni mimi." Alisema hivyo akiwa na watoto wanne wanaosoma.

Mbaruku alikuwa beki wa kati wa klabu hiyo, miaka thelathini na mitatu, hajawahi kuitwa timu ya taifa. Jumamosi moja kocha wa taifa akaja kumtazama yeye. Wachezaji wakiwa wanavaa viatu, Mbaruku akashika goti.

"Limekataa. Mwingizeni Lusajo."

Goti lilikuwa zima. Lusajo aliyajua hayo mwisho wa msimu ule, Mbaruku alipostaafu.

"Kwa nini, kaka?"

"Mimi ningepata mechi moja. Wewe utapata miaka kumi."

Kocha wa taifa alikuwa amemwona Lusajo Jumamosi ile, akamwita. Mechi yake ya kwanza, dakika ya themanini na tisa, wakiongoza bao moja kwa bila, krosi ikampita golikipa wao. Mshambuliaji wa wageni hata hajaruka, Lusajo tayari yuko hewani juu ya mstari wa goli, macho wazi, akautoa kwa kichwa. Uwanja ukalipuka. Yeye alibaki amekaa kwenye nyasi akitazama mikono yake, akishangaa kwamba ni yeye.

Wiki iliyofuata akarudi Tukuyu na jezi ya siku ile, ampe aliyemfikisha pale. Ni moja tu. Sebuleni kwa mama yake walikuwa wamekaa wote watatu, amewaalika. Tumpe aliitazama bila kuigusa. Haule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mbaruku alitazama sakafu.

Mama yake akasema, "Mwanangu, utasimama hapo hadi lini? Mpe mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, mama?"

Je, wewe unayenisikiliza, ungemkabidhi nani jezi ile?