Kimya Kabla ya Amina

Zamani neno Amina lilikuwa na wenyewe. Msishangae. Leo tunalisema ovyo, wengine tukiwa tunapapasa viatu chini ya benchi na akili zimeshafika kwenye sufuria ya maharage nyumbani. Lakini wakati huo halikuwa neno la kila mdomo. Lilikuwa la wana wa Israeli peke yao, na kulisema kulikuwa sawa na kusema: na mimi nimo. Asiyekuwamo alinyamaza.

Katika mji mmoja wa Shamu, mbali na bahari, mahali pa kupita misafara ya ngamia, walikuwapo Wayahudi wachache waliomwamini Yesu kuwa ndiye Masihi. Walikusanyika nyumbani kwa Mzee Hanani, wakaomba na kumega mkate. Hawakuwa watu wabaya, na atakayesema kuwa walikuwa wabaya anawasingizia. Babu zao walikuwa wamepigwa na kutawanywa na wafalme waliotaka wawe kama watu wengine, na kilichowanusuru ni kule kujitenga. Hawakula na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, hawakuingia nyumba zao, wala hawakuwakaribisha ndani. Mtu aliyeponea chupuchupu kwa sababu ya ukuta hawezi kuambiwa kirahisi aubomoe.

Ila mlango waliuacha wazi, na hapo mlangoni, nje ya kizingiti, ndipo aliposimama Zenaida.

Huyu Zenaida alikuwa mjane, mfua sufu kule mtoni. Mumewe alifia safarini na mizigo ya watu. Kwao alikulia katika ibada ya miungu ya kuchongwa, akaipelekea uvumba na maziwa mpaka akachoka, maana ilikula wala haikumjibu. Siku moja alikuwa akipita na furushi lake la sufu mbichi akasikia zaburi ikiimbwa ndani kwa Hanani. Alisimama asikilize kidogo tu. Basi ikawa ndiyo desturi yake, juma kwa juma, mwaka baada ya mwaka, yeye na binti yake mdogo Filina, kwanza mgongoni, kisha mkononi.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu maombi ya watu wale. Mwombaji hakujiitikia mwenyewe. Akimaliza, wenzake ndio walioitikia Amina, na hapo sala ikafungwa. Sala isiyoitikiwa, walisema, hubaki wazi kama mlango usio na komeo, hujui kama imefika au imerudi. Na wa kuitikia ni yule aliyemo. Zenaida aliijua sheria hiyo bila kufundishwa na mtu. Ndani wakisema Amina, yeye alimeza mate.

Filina hakuijua. Siku moja Mzee Hanani alimaliza kuomba, na kabla hata waliomo hawajafungua midomo, mtoto akapaza sauti kutoka mlangoni, sauti nyembamba, ya furaha: "Amina!" Vichwa vyote viligeuka. Zenaida akamziba mtoto mdomo kwa kiganja chake kilichonuka sufu, akainamisha uso kwa aibu. Shelomithi, mke wa Hanani, peke yake ndiye aliyecheka. Baadaye alipita karibu na mlango kana kwamba anatafuta ufagio, akamtilia Filina konzi ya dengu za kukaanga, akamfinya shavu. Tangu hapo mtoto alimpenda mama yule kupita kiasi. Lakini hakusema tena. Kila sala ilipoisha, alimwangalia mama yake machoni, na mama yake akatikisa kichwa.

Kisha akaja mgeni kutoka pwani, Myahudi na mwamini mwenzao. Zenaida alimwona akiwatazama yeye na mwanawe pale nje, akawatabasamia kama watu anaowafahamu. Aliingia, akaanza kusema kwa msisimko, na mara mlango ukafungwa. Haukuwahi kufungwa kabla ya siku hiyo. Zenaida na Filina walibaki mbele ya mbao wakisikia sauti zinapanda na kushuka, wasiambulie hata neno. Wakarudi nyumbani. Mlango ulipofunguliwa juma lililofuata, hakuna aliyeeleza kitu, na Zenaida hakuwa mtu wa kuuliza.

Haukupita muda mrefu, homa ikaingia mjini. Ilikuja na msafara, ikaanzia masokoni, ikapanda vilimani. Haikuuliza nani ametahiriwa. Ikamkamata Filina.

Zenaida alijaribu kila alichojua, vitambaa vya maji ya mto, mizizi chungu, hata mkono wake ulipapasa kona ilipokuwa miungu ya zamani, akaurudisha kwa hasira. Mchana mmoja wa jua kali alifunga kitambaa kichwani, akakimbia hadi kwa Mzee Hanani, akaanguka kwenye kizingiti. Aliomba kitu kimoja tu: mzee aje amwombee mtoto.

Hanani alikuja. Hilo tumpe haki yake, alikuja, na njia nzima alitembea upesi kuliko umri wake. Lakini alipofika mlangoni kwa Zenaida miguu ikagoma. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu wa Mataifa, wala baba yake, wala babu yake. Akasimama nje, barabarani, juani. Mtoto alilala kwenye mkeka ndani, hatua chache kutoka kwake, na kati yao kizingiti. Wazo kwamba sasa yeye ndiye aliyesimama nje halikumjia mtu yeyote siku hiyo.

Mzee akainua mikono, akaomba. Aliomba vizuri. Akamaliza.

Pakawa kimya. Hakuja na mwenzake wa kumwitikia, wote walijifungia majumbani wakiogopa homa. Alisimama mikono ikiwa juu, akingoja nini hata mwenyewe hakujua. Ndani, Filina akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Mama," akasema, "niseme?"

Zenaida alimtazama mzee. Mzee akatazama chini. Ingekuwa neno moja tu, na mtoto ni yule yule aliyelipaza siku ile kwa furaha. Lakini mama aliogopa. Aliogopa kumkosea Mungu saa ile ile anapomhitaji. Akaweka kiganja juu ya midomo ile yenye moto.

"Nyamaza, mwanangu."

Mzee Hanani alishusha mikono, akajifunika shuka lake, akaondoka. Filina alikufa kabla jua halijatua.

Nini cha kusema hapo? Wapo watakaotaka kuambiwa kwamba Zenaida alilia akafarijika. Hakufarijika. Alimzika mtoto pembeni mwa shamba la mtu, bila zaburi, bila mtu wa kumshika mkono, akarudi mtoni kufua sufu kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi. Kiganja kile hakukitazama tena. Alipokula alikula kwa mkono mwingine, na watu wakadhani amechanganyikiwa. Kilichomtafuna usiku na mchana hakikuwa kifo peke yake. Ilikuwa ile sala iliyoachwa wazi. Aliamini, hakuna aliyeweza kumtoa hapo, kwamba ilifika njiani ikakwama kwa kukosa neno, na neno lilikuwepo, mtoto alikuwa nalo mdomoni, na yeye mamaye ndiye aliyelirudisha ndani.

Siku moja akiwa mtoni, yule mgeni wa pwani akapita, anarudi kwao. Akamtambua. "Mama," akauliza kwa uchangamfu, "wamekwisha kuwabatiza?"

"Kutubatiza akina nani?"

"Ninyi mliokuwa mkisimama mlangoni." Na alipoona haelewi, mgeni akamweleza. Kule pwani, katika nyumba ya mtu asiyetahiriwa, watu wa Mataifa walikuwa wameketi wakisikiliza habari za Masihi, na kabla hajaamua mtu yeyote, Roho wa Mungu akawashukia palepale walipokaa. Wakabatizwa. Wayahudi wakala nao meza moja. "Nililileta jambo hili kwa Mzee Hanani, siku ile mlango ulipofungwa," akasema. Kisha akamwona usoni.

Zenaida aliacha sufu ya watu ikichukuliwa na maji. Akapanda mjini. Moyoni hakuwa na sala, alikuwa na maneno aliyokusudia kumwambia mzee yule, na yalikuwa makali.

Nyumba ya Hanani ilikuwa wazi. Ndani, sakafuni, Shelomithi alikuwa amelazwa, amefunikwa sanda. Homa ilikuwa imemaliza kazi yake asubuhi ile. Mzee aliketi peke yake kando ya maiti. Ndugu na waumini wenzake walikuwa wamekimbilia milimani, na waliobaki hawakuthubutu kuja.

Zenaida akasimama mahali pake pa siku zote.

"Ulijua," akasema.

Mzee hakujitetea. "Nilijua, mama Filina."

"Ulijua umesimama barabarani kwangu, mtoto anaungua?"

"Nilijua. Nilisema tungoje wakubwa wa Yerusalemu watoe neno. Niliogopa tutagawanyika." Akamgusa marehemu begani. "Huyu aliniuliza, na wale wa mlangoni je? Nikamjibu, wamezoea kungoja."

Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na maiti haiwezi kungoja, Mzee Hanani akasimama kwa shida, akainua mikono juu ya mkewe, akaomba. Ilikuwa sala fupi, sauti imemkauka. Akafika mwisho.

Hapakuwa na wa kuitikia.

Alijua, kama alivyojua Zenaida. Hakugeuka kumtazama wala hakumwomba, na pengine hilo ndilo jambo la haki alilolifanya siku hiyo. Zenaida alisimama. Angeweza kuondoka. Angeweza kumwachia mzee sala yake ikiwa wazi kama ya mwanawe ilivyoachwa, ili wawe sawa, ili naye alale nayo. Alitaka hivyo, tusimpambe. Alitaka kwa nguvu zake zote. Kile kiganja kikapanda chenyewe kikaufunika mdomo wake.

Akamtazama Shelomithi. Akakumbuka dengu za kukaanga, na shavu lililofinywa, na kicheko cha pekee katika nyumba ile. Mwanamke huyu naye alikuwa amelala pale mdomo umefungwa, sala yake inaning'inia. Zenaida hakuweza kustahimili kuziona mbili zimeachwa wazi.

Akashusha mkono. Akavuka kizingiti. Akasema neno lile jinsi Filina alivyolisema, kwa sauti nyembamba, ila furaha haikuwamo.

"Amina."

Mzee Hanani alianguka magotini akalia kama mtoto. Zenaida hakulia, wala hakumwinua. Alikaa upande wa pili wa maiti, wakangoja pamoja watu wa kuja kuzika. Hawakuja. Wakamzika wawili wao.

Homa ilipopita, waumini wakashuka kutoka milimani, wakamkuta mwanamke wa Mataifa ameketi ndani. Wakaguna. Wakauliza ni nani aliyemruhusu. Mzee Hanani akasimama, mwili umekwisha, akawaambia habari ya pwani aliyoificha, yote, mbele ya kila mtu. "Mungu alikwisha kuwapokea," akasema. "Tuliochelewa ni sisi. Nilipomwombea mke wangu ninyi hamkuwapo, na huyu aliyekuwa na haki ya kuninyima ndiye aliyeniitikia. Atakayemtoa anitoe na mimi." Wengine waliondoka kwa uchungu, hawakurudi. Waliobaki wakamega mkate, na kipande cha kwanza kikapelekwa kwa Zenaida. Akakila. Hakusema kama ni kitamu.

Baadaye wakaingia wa Mataifa wengine, Wagiriki, Waarabu, watu wa kutoka kusini ya Misri, kila mmoja na lugha yake. Zaburi zikatafsiriwa, na habari njema pia. Walipotaka kulitafsiri na lile neno la mwisho, Zenaida akakataa. Alikuwa mzee wakati huo, na kwa kawaida hakukataa kitu. "Liacheni," akasema, "kama mwanangu alivyolisema." Wakaliacha.

Na aliishi miaka mingi, lakini hakuwahi kuliitikia papo hapo. Kila sala ilipofika mwisho, mkono ulipanda mdomoni kwanza, ukakaa, kisha ukashuka. Kanisa zima lilimngoja. Alipokufa, wakaendelea kungoja, na watoto wao wakangoja wasijue wanamngoja nani.

Na tangu siku hiyo, Mwarabu na Mgiriki, Mnyakyusa na Mpare, husema Amina moja, isiyo na tafsiri. Na tangu siku hiyo, maombi yakiisha, huwa pana kimya kidogo kabla watu hawajaitikia. Ninyi hudhani mwombaji anavuta pumzi. Sikilizeni vizuri Jumapili ijayo. Ni mtoto yuko mlangoni, anauliza: Mama, niseme?