Ndege Asiyemeza Uongo

Mwenye mtoto amweke begani, na asiye naye asogee karibu, maana habari hii tumeipokea kwa waliotutangulia, nao hawakuongeza kitu ila chumvi kidogo: kwamba katika mji wa Marjani, mji wenye milango saba ya shaba na visima vya maji ya waridi, alitawala Sultani Hafidhi bin Mundhiri, mtu wa miaka thelathini na miwili, mpole wa sauti, hana mke wala mtoto, na mrithi wake alikuwa mdogo wake Amiri Nasri; na Amiri Nasri akaanguka kutoka juu ya farasi wake, akafa siku hiyohiyo, akamwacha mjane wake na mimba ya miezi saba.

Mjane huyo ndiye Ramla binti Khatibu, binti wa mshona kofia wa sokoni, umri wake miaka kumi na tisa, na Amiri alimpenda siku aliyokwenda kununua kofia akamkuta anacheka peke yake. Tangu mazishi hakucheka tena. Akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mundhiri kwa jina la babu yake, na mji mzima ukapiga ngoma, na Ramla akautazama ule utosi wa mtoto unavyopwita, laini, kama utaingia kidole, akasema, "Ee Mola wangu, nani aliyeniamini mimi na kitu hiki?"

Sasa katika jumba la Marjani palikuwa na ada, na ada hiyo ndiyo iliyomkosesha Ramla usingizi. Babu yake Sultani alimfunga jini mmoja katika umbo la ndege wa kijani, kwa ushanga mwekundu mguuni, na ndege huyo aliitwa Shahidi. Kila mama wa mrithi alikaa chumbani siku arobaini pamoja na ndege huyo, na siku ya arobaini ndege alipelekwa barazani akasema yote aliyoyameza humo chumbani, kwa sauti ya yule aliyeyasema, na kwa maneno hayo Sultani aliamua: ama mtoto abaki kwa mamaye, ama apewe shangazi yake amlee, na mama arudi kwao na sanduku lake la nguo. Na sharti lilikuwa moja, kwamba ndege asikatizwe, maana akikatizwa hufumba mdomo na haufumbui tena mpaka mwezi uandame.

Ramla aliijua ada hiyo, na kwa kuiogopa aliulinda ulimi wake, hakumsengenya mtu, hakulalamikia chakula, hakumtaja Sultani ila kwa dua. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakukumbuka kuulinda ulimi wake juu yake, naye ni yeye mwenyewe.

Na shangazi wa mtoto alikuwa Bi Zaituni, dada mkubwa wa Sultani, mwanamke mrefu mwenye harufu ya udi, aliyezika watoto wanne wachanga na hakubaki na hata mmoja. Kila asubuhi aliingia bila hodi.

"Shika shingo, wewe! Shingo! Au huko kwenu watoto hushikwa kama kofia?"

"Nimeshika, wifi."

"Umeshika nini? Umeshika nguo. Lete hapa." Na mtoto akichukuliwa alinyamaza, na akirudishwa alilia, na Bi Zaituni husema, "Unaona? Damu inajua damu. Mtoto husikia mkono unaotetemeka, binti Khatibu."

Akitoka, Ramla hukaa kitandani akitazama mikono yake. Kumwogesha alimwogesha mkunga, Bi Tufaha; winda walimbadilisha vijakazi; yeye kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kuogopa. Aliogopa maziwa hayatoshi, na yakitosha aliogopa yatampalia. Aliogopa mtoto akilia, na akilala kimya aliogopa zaidi, akawa anamwekea kidole chini ya pua kuona kama pumzi ipo. Na katika kuogopa huko alinong'ona, bila kujua kwamba ananong'ona, asubuhi na mchana na jioni.

Hata siku ya thelathini, mchana kweupe, Ramla ameketi anakunja nguo za mtoto, akasikia mtu anasema nyuma yake, "Siwezi. Nitamwangusha. Mama gani mimi? Heri angezaliwa na mwingine." Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ilitoka mdomoni mwa ndege.

Siku thelathini za maneno yale, na barazani watayasikia wote, na nani atakayemwachia mtoto mama kama huyo? Siku zimebaki kumi. Akasimama mbele ya tundu la ndege, akajifuta machozi, akaanza, "Mimi ni mama bora. Mimi ni mama bora. Mimi sina hofu yoyote." Akasema mara mia, akasema mpaka sauti ikakauka, na ndege ameinamisha kichwa upande anamsikiliza kwa adabu, kisha akatema, ptu, kama mtu atemaye ganda la mtama.

"Mbona unatema?" akalia Ramla.

"Bibi yangu," akasema ndege, na sasa ilikuwa sauti ya jini, nzito kama mtungi unaoburutwa, "usinighadhibikie. Mimi nimefungwa na babu yao kwa ushanga huu, na neno ambalo msemaji mwenyewe haliamini halipiti kooni mwangu. Hilo lako lina ladha ya majivu."

"Basi nifundishe niliamini!"

"Mimi natunza tu, bibi. Mimi sipiki."

Asubuhi ya pili Bi Tufaha hakuja. Ramla akangoja. Hakuja, wala kijakazi hakuja, na kumbe Bi Zaituni ndiye aliyewazuia wote, amesema, "Waacheni wawili wale peke yao, tuone." Maji ya moto yaliwekwa mlangoni ndani ya beseni la shaba na mtu akakimbia. Na mtoto, kwa kuwa watoto hawajui siasa za majumba, akachafua winda mpaka mgongoni, mpaka shingoni, akaanza kupiga makelele.

"Bi Tufaha!" Ramla akaita. "Bi Tufaha wee! Jamani!"

Maji yanapoa, mtoto anazidi kuwa mwekundu, na saa ya Bi Zaituni imekaribia. Ramla akazunguka chumba mara mbili. Akachovya kiwiko majini kama alivyomwona mkunga akifanya. Akamvua mtoto, mikono inatetemeka hivi, akapitisha mkono chini ya shingo yake akamkamata kwapa la upande wa pili, akamteremsha majini taratibu huku anasoma kila dua aliyowahi kuisikia, na mtoto akateleza kidogo, na mkono haukuachia. Haukuachia! Mtoto akashangaa maji, akanyamaza, akapiga teke, akamrushia mamaye maji usoni.

Alipomaliza kumkausha na kumfunga, akaanguka juu ya mkeka, hana nguvu, akasema, si kwa ndege wala kwa mtu, "Nimemwogesha. Hakuanguka."

Na kwenye tundu akaona koo la ndege likipanda, likashuka. Ndege amemeza.

Ramla akainuka upesi. "Mimi ndiye mwogeshaji hodari kuliko wote wa Marjani!"

Ptu.

"Nimemwogesha," akarudia polepole, "na mikono ilitetemeka, na hakuanguka." Koo likapanda, likashuka. Hapo akafahamu.

Tangu siku hiyo akawa anatafuta kila siku jambo moja analoliogopa, dogo, la ukubwa wa mikono yake, akalifanya, akalisema kama lilivyo. Siku moja ilikuwa kumbadilisha winda. Siku nyingine kukisikiliza kilio kabla ya kukimbia, akajua hiki cha njaa na hiki cha usingizi. Siku moja Bi Zaituni alimchukua mtoto na mtoto akalia, na Ramla akasema, "Naomba nirudishie, wifi, ana njaa." Bi Zaituni akamtazama kama aliyesikia kiti kinazungumza. "Alaa! Limeota ulimi!" Lakini akamrudisha, na mtoto akanyonya akanyamaza, na ndege akameza.

Lakini siku ya thelathini na tisa ilikuwa zamu ya kucha. Mtoto amejikwaruza shavu, na Ramla akachukua mkasi mdogo wa babake wa kukatia nyuzi za kofia, akakata ukucha wa kwanza, na mtoto akavuta mkono, na tone la damu likatokea, jekundu, dogo kama mbegu ya mchicha.

"Nimemkata!" akapiga ukelele, na kabla hajauziba mdomo wake, koo la ndege likapanda, likashuka.

Ee, balaa gani hii! Alitaka kuurusha mkasi dirishani. Yale maneno ya zamani yakamjia kinywani, siwezi, mama gani mimi, akayasikia yanavyojipanga. Akakaa. Akakibana kidole kwa kitambaa mpaka damu ikakoma. Kisha, huku machozi yanamdondoka, akaushika tena ule mkono mdogo.

Siku ya arobaini baraza likajaa, mawaziri kwa vilemba, mabibi nyuma ya pazia, na Sultani Hafidhi juu ya kiti chake, na Ramla amesimama na mtoto mbele ya tundu la ndege, Bi Zaituni kando yake na shali mpya ya kumpokelea mtoto, ameshaikunja mkononi.

Ndege akafungua mdomo. "Siwezi. Nitamwangusha. Mama gani mimi? Heri angezaliwa na mwingine." Na tena. Na tena. Siku thelathini za minong'ono zikamwagika mbele ya watu, na minong'ono ya watu ikazijibu, na Ramla akatamani sakafu imfunike. Kisha sauti ikabadilika: "Nimemwogesha. Hakuanguka." Mtu akacheka. "Naomba nirudishie, wifi, ana njaa." Kisha ndege akapiga ukelele, "Nimemkata!"

"Umesikia, kaka!" Bi Zaituni akaruka. "Amemkata! Amemkata mwana wa Nasri! Unangoja nini?"

Na ndege, kwa kuwa amekatizwa, akafumba mdomo wake.

Sultani akasema kwa huzuni, "Shahidi amefumba, na neno lake la mwisho tumelisikia. Shemeji yangu, mimi sina furaha na jambo hili, lakini ada…" na Bi Zaituni akanyoosha mikono, na shali ikagusa miguu ya mtoto.

"Hajamaliza," akasema Ramla.

Alisema kwa sauti ndogo hata waziri akauliza, "Anasema nini?"

"Nasema hajamaliza! Nitamalizia mimi, Maulana. Ni maneno yangu." Akauinua mkono wa mtoto wote wauone. "Nimemkata, ni kweli. Mkasi uliteleza. Nikamfunga kidole, nikalia, nikazikata kucha tisa zilizobaki na damu haikutoka tena."

"Tutajuaje kama ni kweli?" akauliza Sultani.

"Mtazame ndege koo lake, Maulana; hamezi neno ambalo msemaji mwenyewe haliamini."

Wote wakainua shingo. Koo la kijani likapanda, likashuka.

"Na yale ya mwanzo ni yangu pia, sikatai," Ramla akasema, maneno yanamtoka mbiombio. "Naogopa hata sasa. Naogopa akikohoa, naogopa akilala. Lakini najua kilio chake cha njaa, na mkono wangu haukuachia, na nilipokosea nilibaki. Mimi ni mama yake. Natosha."

Ndege akainamisha kichwa upande. Akalishika neno lile mdomoni muda mrefu, jamani, muda wa mtu kuhesabu mpaka ishirini, na Ramla akambana mtoto, na hakuna aliyepepesa jicho. Kisha koo likapanda, likashuka.

Sultani akasimama. "Mtoto ni wa mamaye," akasema, na nyuma ya pazia mabibi wakapiga vigelegele.

Bi Zaituni akabaki na shali yake, analia bila sauti. Ramla akamtazama, akakumbuka wale wanne. "Wifi," akasema, "njoo Ijumaa, tumwogeshe pamoja. Lakini ubishe hodi."

Na eda ya Ramla ilikwisha kwa kujifungua, na baada ya siku chache Sultani akaja na adabu zote akasema, "Shemeji, nimekuona barazani na moyo wangu haujatulia. Nakuposa. Utanikubali?"

Ramla akafikiri, akasema, "Maulana, nipe siku arobaini. Na ndege akae chumbani kwako."

Sultani akacheka. Kisha akaacha kucheka. Lakini alikubali, na siku arobaini zilipotimia ndege akaletwa mbele ya Ramla, mlango umefungwa, akafungua mdomo, na sauti ya Sultani ikatoka, "Siwezi. Mji mkubwa huu. Baba angefanyaje? Watagundua kwamba sijui." Siku nyingi namna hiyo, na Sultani amejifunika uso kwa viganja. Kisha mwishoni: "Leo nimewasikiliza wauza maji wawili mpaka mwisho, sikujifanya najua. Nikawauliza."

Ramla akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Huyu namjua," akasema. "Huyu nitaolewa naye."

Basi ikapigwa ngoma siku saba, ikagawiwa halua na hariri na dhahabu milango yote saba, na mshona kofia akaketi na mawaziri. Na Bi Harusi mahari yake aliyoitaka ilikuwa ushanga mmoja mwekundu. Akaukata kwa ule mkasi mdogo, na mkono wake ulitetemeka, na haukukosea. Jini akajinyoosha mpaka dari likalia, akasema, "Miaka themanini nimekula hofu za watu wa jumba hili. Sasa semeni wenyewe," akatoka dirishani.

Na hayo ndiyo yaliyotufikia. Anayengoja hofu imwishe ndipo aanze, atazeeka akingoja. Na anayejisifia asichokitenda, hata ndege atakitema. Tenda lililo la ukubwa wa mkono wako, ulitaje kama lilivyo, kesho utende lingine. Sasa mlazeni mtoto mliyemweka begani, amelala, na mshikeni shingo.