Machungwa ya Juu ya Tenga

Mtu mmoja alikuwa na kidonda mguuni na mke mwenye maswali. Kidonda kilimnyima usingizi, maswali yakamnyima raha, naye akaamua kuyatibu maswali kwanza.

Aliitwa Mhina, mkulima wa machungwa katika kijiji cha wakulima wa machungwa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Zahanati ilimpa vidonge na kumwambia akisafishe kidonda, arudi kionekane. Vidonge havina maneno. Unavimeza, vinakaa kimya, na hakuna anayekupigia makofi.

Kisha akaja mgeni na gari lenye spika, akiuza juisi ya afya. Chupa ilikuwa ndefu, ina picha za matunda ambayo hata wakulima wale hawakuyajua majina, na maandishi kwamba inaondoa sukari, presha, maumivu ya viungo, ugumba na uchovu wa ndoa. Mgeni hakusema yeye ni daktari. Aliitwa Dokta, akaitika. Alisema naye alikuwa na sukari, akanywa juisi, ugonjwa ukaisha, na tangu hapo hajagusa kidonge. Mwili, alisema, hautumikii mabwana wawili: chagueni juisi au chagueni kemikali.

Mhina akanywa. Ilikuwa tamu. Siku za mwanzo alijisikia mwepesi, maana mtu akipata tumaini hata mlima huupanda anapiga mluzi. Kwenye mkutano wa mgeni akashika kipaza sauti, akashuhudia kwamba amepona. Watu wakapiga makofi. Akarudi nyumbani, akavitupa vidonge chooni. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, kwa sababu kidonda kilipoanza tena kutoa maji, yeye alikuwa ameshapona mbele ya watu. Na mtu aliyepona mbele ya watu ataugulia wapi? Akanunua soksi nene.

"Baba Mbelwa, mguu unanuka," mkewe Zuena alimwambia.

"Ni sumu inatoka. Dokta alisema itatoka."

"Yote hiyo ni ya mtu mmoja?"

Majirani nao hawakumsaidia Zuena. Walimwambia amwache mwenzake apone, au ana wivu na chupa? Walimuuliza udaktari wake alisomea jiko gani. Alichokuwa nacho Zuena ni macho, na macho yake yaliona sisimizi wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye kifuniko cha ile chupa. Sisimizi hawana kipaza sauti, lakini hawajawahi kupanga mstari kwenda kwenye kitu kichungu.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu watu hawa. Katika kijiji kile hata mtoto anajua kupanga tenga. Machungwa makubwa yenye rangi hukaa juu. Madogo, yenye makovu, na yale yaliyoanza kulainika, hukaa chini. Hawaiti wizi, wanaita kupanga. Wanunuzi wa mjini wanajua, kwa hiyo hawataji bei kabla ya kulipindua tenga. Na watu haohao, waliopanga matenga tangu wakiwa wadogo, walikaa kwenye viti vya mgeni wakatazama mashahidi wakipangwa mbele yao, wenye rangi juu, na hakuna aliyeuliza walio chini wako wapi. Mzee Sempeho alikunywa juisi ileile, akazikwa kabla ya mvua. Yeye hakualikwa kushuhudia.

Siku ya mkutano mkubwa mgeni alifikia kwa Mhina, shahidi wake wa safu ya mbele. Zuena akamwandalia chai.

"Usitie sukari, mama," mgeni akasema.

Zuena hakutia. Baadaye mgeni akaomba maji, akageukia ukuta, akatia kitu mdomoni, akakisukumia kwa maji. Wageni huamini kwamba mwenye kubeba sinia haoni. Alipoondoka, Zuena akafagia, na chini ya kiti akakuta pakiti tupu ya vidonge. Aliijua. Ni yeye aliyekuwa akimchukulia mumewe vidonge vya jina hilo zahanati, kabla havijakwenda chooni. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mkutanoni mgeni akamwita Mhina. Mhina akainuka polepole, akitembea kama mtu aliyeficha yai ndani ya kiatu. Alikuwa hajafungua mdomo Zuena aliposimama. Wanawake wakamvuta kanga: kaa chini, unamwaibisha mumeo. Hakukaa. Kipaza sauti hakupewa, wala hakukihitaji. Alikuwa mwanamke wa kuita watu kula kutoka ng'ambo ya bonde.

"Dokta, sisi ni watu wa machungwa, na tenga hupinduliwa kwanza. Yale maji uliyoniomba asubuhi, ulimezea nini?"

Mgeni akacheka. Akasema ni vitamini tu, mama. Baadhi ya watu wakacheka naye. Zuena akafungua pindo la kanga, akatoa ile pakiti, lakini hakumpa mgeni. Alimpa mumewe, maana katika umati ule hakuna aliyelijua jina lile vizuri kuliko yeye.

Mhina akalisoma. Akawatazama watu waliompigia makofi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta njia ya kupita na haioni. Kisha akainama, akavua soksi. Waliokaa mbele wakasogeza viti nyuma.

"Sijapona," akasema kwenye kipaza sauti. Maneno hayo yakatoka kwenye spika ya mgeni, na yalikuwa ya kwanza ya kweli kupita humo.

Walimpeleka hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Walimkata vidole viwili vya mguu. Daktari akasema juisi haikuwa sumu, ilikuwa juisi, yenye sukari kama soda. Kilichokula mguu ni muda aliokaa bila dawa. Angekaa zaidi kidogo, angerudi nyumbani na mguu mmoja.

Mgeni hakuharibikiwa na kitu. Alikunja viti vyake, akawasha gari, na kabla machungwa ya msimu huo hayajaisha spika yake ilikuwa inasikika kijiji cha pili, ikiwaita wenye sukari, wenye presha na waliochoshwa na ndoa. Majirani walimwambia Mhina sasa atulie, Mungu amemnusuru, mambo ya vijiji vingine yana wenyewe. Yeye akachukua mkongojo wake. Zuena akafunga ile pakiti kwenye pindo la kanga. Wakapanda pikipiki, mshikaki wa watatu pamoja na dereva, mguu wa Mhina umenyooshwa pembeni kama bendera, wakafika mapema, wakakaa safu ya mbele. Mhina akavua soksi, akaweka mguu wake juu ya kiti cha pili mahali ambapo mashahidi lazima wapite, akasubiri. Siku hiyo mkutano ulikuwa mfupi. Walipopata habari kwamba gari limeelekea kijiji cha tatu, wakauliza njia.

Soksi mnaijua, hata wasiovaa viatu. Tenga mnalijua pia. Sina haja ya kuwafafanulia mguu ni nini, kila mtu ana wake na unamuuma mwenyewe. Ninawauliza hili moja, na mlipeleke nyumbani kabla ya kufungua kifuniko chochote: anayekuuzia uponyaji, akishageukia ukuta, yeye humeza nini?