Utepe wa Bi Chausiku

Mzee Mng'anya, muuza mabati, alipoteuliwa waziri kichwa kilimvimba, Mungu amsamehe. Akaamuru kibanda cha supu cha Bi Chausiku kivunjwe kesho yake, kwa kuwa kiliharibu sura ya lango la wizara.

"Sipingi, baba," Bi Chausiku akasema. "Ila sijawahi kuzinduliwa kitu na waziri. Nikatie utepe tu, kisha vunja."

Tangu aapishwe, Mng'anya hakuona utepe akaupita. Alikata, akahutubia, akapigwa picha.

Asubuhi dereva wa tingatinga akapiga simu. "Mheshimiwa, hapa pana kibao: Kimezinduliwa na Waziri Mng'anya. Nivunje?"

Waziri akatazama gazeti mezani: yeye huyo, mkasi mkononi, meno yote nje.

"Rudi. Ukivunja, nchi nzima itajua mimi mjinga. Ukiacha, atajua Bi Chausiku peke yake."